Avis Tudge na Mwaka Mpya wa Machi

Leo, tarehe 23 Machi, umetimia mwaka mmoja tangu ulipotuacha, Avis, mke wangu, mama yetu, bibi yetu. Rosamund, binti yetu, alitaka aandike yeye kwa sababu ana mwandiko mzuri na ana subira. Nimemkatalia. Mimi ndiye niliyelala upande wa pili wa kitanda miaka hamsini na miwili, kwa hiyo nitaandika mimi, naye atasahihisha.

"Baba, tafadhali usimseme mama gazetini," ameniambia.

Sitakusema. Nitaeleza tu ulivyokuwa.

Ulikuwa mpishi wa shule yetu ya Yarcote miaka thelathini na mmoja. Watu wenye mvi bado wananisimamisha barabarani kunikumbusha pudini yako ya matofaa. Wanakumbuka pia jinsi ulivyomwongezea kijiko mtoto ambaye kwao hakukuwa na kitu, bila kumtazama usoni, asije akaona haya. Ulimjua kila aliyekuja bila kutia kitu tumboni. Hukumtangaza mtu, hata kwangu mimi.

Ukastaafu, nikadhani sasa nimepata mwenzangu wa kukaa naye bustanini. Wapi! Jumanne ya kwanza tu ukapanda basi kwenda Hereford, kwenye nyumba ya nyaraka za kaunti, kutafuta nani alijenga nyumba yetu. Ulirudi jioni macho yanang'aa na vumbi limejaa kwenye mikono ya sweta. Tangu siku hiyo Jumanne zako zote zikawa za huko, miaka kumi na minane. Kilabuni niliwaambia wenzangu kwamba mke wangu amepata mwanamume mwingine, aliyekufa mwaka 1640, na mwandiko wake hausomeki.

"Ana adabu kuliko wewe," ulinijibu mbele yao. "Yeye hanikatizi maneno."

Taratibu zako tulizijua kwa moyo. Penseli mbili, kalamu ya wino marufuku, maana wino hauruhusiwi karibu na karatasi zile. Mkate wa jibini na achari, unaoliwa nje kwenye benchi hata mvua ikinyesha. Kadi zako ndogo ulizipanga ndani ya maboksi ya viatu vyangu, mpaka ikafika mahali nanunua viatu ili wewe upate boksi. Na kila kadi, kwenye pembe ya juu, uliandika neno moja: Nimeona. Maana yake umeishika karatasi yenyewe ya wakati ule, ukaisoma kwa macho yako.

Waliokuja mezani kwetu kujifunza kusoma mwandiko wa kale uliwauliza hilo hilo. "Umeiona, au umeambiwa?" Aliyeambiwa alirudishwa Hereford, hata awe daktari wa chuo kikuu.

Halafu ile keki. Kila tarehe 25 Machi ulioka keki yenye mbegu za kisibiti, ukaibeba kwenye basi, ukawagawia wasomaji wenzako pale benchini, na iliyobaki ukaturudishia sisi. Mwaka mmoja mjukuu wetu Bryony alikuuliza, mdomo umejaa, "Bibi, mwaka mpya si ulishapita?"

"Wa kwenu umepita. Wetu sisi watu wa karatasi ni leo."

Ukamweleza kwamba zamani hapa Uingereza, kabla ya 1752, namba ya mwaka haikubadilika Januari. Ilibadilika tarehe 25 Machi. Desemba ikaisha, Januari ikaja, na waandishi wakaendelea kuandika mwaka ule ule hadi Machi. Bryony akasema watu wa zamani walikuwa na vituko. Mimi nikaomba kipande cha pili. Ningejua, ningesikiliza vizuri zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Wote hapa wanaijua Njia ya Kijito, inayotoka lango la kanisa, ikafuata maji, ikavuka ua wa miiba kwa ngazi ya mbao, mpaka shuleni. Bwana Carrow aliponunua shamba la bondeni aliifunga kwa mnyororo. Alisema ni ardhi yake binafsi na watu wanamsumbulia kondoo. Basi Bryony na watoto wengine kumi na mmoja wakaanza kwenda shule kwa barabara kuu, isiyo na pembeni pa kutembea, na malori ya matofaa yanapita hapo kwa fujo. Siku moja lori likaupiga mkoba wa Bryony ukaruka mpaka mtaroni. Mkoba tu, namshukuru Mungu.

Baraza la kaunti likasema kumbukumbu za wazee hazitoshi kwa njia hii. Lete maandishi kuonyesha kwamba ni ya umma. Kijiji kizima kikaja jikoni kwetu. Gwenda Probert, jirani yetu wa miaka arobaini, aliyekuwa akiingia kwetu bila kubisha hodi, akakushika mkono.

"Avis, shoga yangu, hii ni kazi yako. Hakuna mwingine."

Ulitafuta miezi tisa. Ukapata, kwenye kitabu cha kasisi mmoja wa zamani aliyefupisha amri za mahakimu wa kaunti na kuzipiga chapa. Januari 1731, mahakimu wanaamuru njia iwe wazi. Julai 1731, mahakimu wanaamuru njia ifungwe. Neno la mwisho, basi, lilikuwa la kufunga. Ulirudi nyumbani ukakaa mezani na koti lako mwilini, mimi nikakupa ushauri ambao leo naona haya kuuandika.

"Peleka ya Januari, ya Julai iache hapo hapo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Clement."

Ukazipeleka zote mbili. Ukasimama katika ukumbi wa kijiji ukasema, "Nimeipata karatasi, na inatushinda. Nisameheni." Gwenda alichukua mkoba wake akatoka. Tangu siku hiyo akawa anakusalimia kwa kidevu tu, na jikoni kwetu hakuingia tena. Nilimkasirikia sana, na wewe ukanikasirikia mimi kwa kumkasirikia.

Majira yale ya baridi moyo wako ukachoka. Hospitalini, siku mbili kabla hujaondoka, uliniambia, "Nisingeitafuta, pengine watoto wangekuwa na njia yao." Hayo ndiyo maneno uliyokwenda nayo, Avis. Nilishindwa kuyameza. Nilikuwa nakula, nalala, napalilia maharagwe, nayo yamenikaa kooni.

Mwezi wa tano Rosamund alikuja kupanga kadi zako. Alikaa sakafuni, maboksi yamemzunguka, mara akaniita.

"Baba, njoo uone. Kadi ya njia haina Nimeona."

Nikavaa miwani. Kweli, pembe ilikuwa tupu. Chini uliandika tu kwamba umetoa kwenye kitabu cha kasisi. Katika kadi elfu na zaidi, hiyo peke yake. Na nyuma yake, kwenye boksi hilo hilo, tukakuta barua ya daktari wa macho, ya tarehe ya kabla ya utafutaji ule. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wino ule wa kahawia uliofifia ulikuwa huuoni tena. Herufi za chapa uliziona, basi ukasoma chapa. Miaka hamsini na miwili, na hukuniambia! Tungekwenda wote, ningekushikia hata taa.

Jumanne iliyofuata nikachukua penseli zako mbili nikapanda basi. Bi. Orme, mtunza nyaraka, alinikalisha kwenye kiti chako cha dirishani bila mimi kuuliza. Akaniletea kitabu chenyewe cha amri za mahakimu, akakilaza juu ya mto wake kama mgonjwa. Mwandiko ule siuwezi, lakini majina ya miezi na namba alinionyesha, na yeye akanisomea pale nilipoweka kidole.

Mimi ni fundi bomba. Bomba likivuja naanza pale maji yanapoingia nayafuata mpaka yanapotokea. Basi nikafanya hivyo hivyo: ukurasa wa kwanza wa mwaka 1731, wa pili, wa tatu. Nikaikuta Julai, njia ifungwe. Roho ikaniuma, ila nikaendelea kufunua kwa sababu nilikuwa sijafika mwisho wa bomba. Oktoba. Kisha, baada ya Oktoba, Januari 1731.

"Bi. Orme," nikaita, "walioshona kitabu hiki walikuwa wamelewa? Wameiweka Januari nyuma ya Julai."

Akaja anatabasamu. Akainama, akasoma, tabasamu likamtoka.

"Bwana Tudge, hebu niambie. Mwaka wao ulikuwa unaanza lini?"

Mimi, niliyekula keki ile miaka kumi na minane!

"Machi," nikasema. "Tarehe ishirini na tano."

"Kwa hiyo Januari hii?"

"Imekuja baadaye."

Ndivyo ilivyokuwa, mwenzangu. Julai mahakimu walifunga njia. Wanakijiji wakalalamika, na Januari iliyofuata, iliyoandikwa bado 1731, wakaamuru ifunguliwe kwa watu wote wa Yarcote kama ilivyokuwa tangu zamani. Kasisi wako alipopanga kitabu chake aliitanguliza Januari mbele ya Julai, kwa hesabu ya kalenda yetu ya leo, akageuza mambo juu chini. Nililia pale pale chumbani pa kusomea. Bi. Orme aliondoa kitabu kwanza, kisha ndipo akaniletea kitambaa. Ungempenda zaidi kwa hilo.

Ulikosea, Avis. Nalisema wazi kwa sababu ungetaka lisemwe, na kwa sababu kosa lenyewe linachekesha: wewe, mwenye keki! Nimelicheka sana peke yangu jikoni, na kicheko hakikuisha vizuri kila mara. Lakini ungefuata ushauri wangu, hakuna mtu ambaye angekwenda kufungua kile kitabu. Mwanasheria wa Bwana Carrow angeitoa karatasi ya Julai siku yoyote aliyotaka, nasi tungebaki midomo wazi. Umekosea kwa macho. Kwa mengine yote ulikuwa sawa, na mimi ndiye niliyekosea.

Barua ya baraza ilikuja mwezi uliopita. Njia ya Kijito imeandikwa kuwa ya umma. Bwana Carrow aliondoa mnyororo kwa mikono yake, kisha akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mke wako alinitumia mwenyewe nakala ya ile ya Julai," alisema. "Karatasi ya kunisaidia mimi! Sijawahi kushindana na mtu wa namna hiyo."

"Mimi nilishindana naye miaka hamsini na miwili," nikamwambia. "Karibu chai."

Wiki iliyopita mlango wa jikoni ulifunguliwa bila hodi. Gwenda. Alisimama karibu na sinki, koti limefungwa vifungo vyote.

"Clement, nipe karatasi ya ile keki yake. Nataka kuioka mimi."

"Utaiweza?"

"Nimeila miaka yote hiyo, nitashindwa vipi?" Kisha uso ukambadilika. "Nilimnyima salamu, Clement. Mtu niliyemwita shoga yangu. Nitamlipa nini sasa?"

Nilikuwa na jibu, tena kali, nililolihifadhi mwaka mzima. Nikafungua droo nikampa karatasi. Nakiri kwamba sijamaliza kumsamehe, lakini nimeanza. Wewe ungemaliza siku ile ile, ukamwongezea na kijiko.

Kadi yako nimeirudisha kwenye boksi lake. Sikufuta ulichoandika, maana ulitufundisha kwamba mtu hafuti. Chini yake nimeongeza kwa penseli: Januari ilikuja baada ya Julai. Njia iko wazi. Na kwenye pembe iliyobaki tupu nimeandika: Nimeona. Clement.

Keshokutwa, tarehe 25 Machi, saa mbili na robo asubuhi, wote mliompenda tukutane lango la kanisa. Watoto watatangulia kwenda shule kwa Njia ya Kijito, sisi wazee tutawafuata polepole, na keki itakatwa pale kwenye ngazi ya mbao. Asiyejua kwa nini tunasherehekea Machi amuulize Bryony. Sasa anaeleza vizuri kuliko mwalimu wake.

Unakumbukwa na mumeo Clement. Binti yako Rosamund na mumewe Leopold. Mjukuu wako Bryony. Mdogo wako Verity aliyeko Ludlow. Wasomaji wenzako wa Jumanne. Na Gwenda Probert, jirani, aliyeomba jina lake liwemo.

Hatutakusahau kamwe, Avis. Heri ya mwaka mpya.