Vikato Nilivyovinyoosha

Jumatano, Katoro. Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi, na vumbi la malori ya mawe limeingia hadi kwenye droo ya cherehani. Sijashona chochote leo. Nimekaa tu na kibanda kiko wazi, wateja wanapita wananisalimia, naitikia.

Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia uso kwa uso. Wengi wenu hamnijui sura, na leo nashukuru kwa hilo.

Nimeharibu kazi ya maisha ya mtu, tena nilikuwa nafanya usafi.

Mama Kulwa ndiye aliyenipokea nilipofika hapa kutoka Kasulu, wakati huo naweza kushona mstari ulionyooka na si zaidi. Tumekaa naye miaka sita kwenye kibanda hiki, cherehani mbili, yake dirishani na yangu mlangoni. Yeye alikuwa anakata, mimi nashona. Pateni zake, yaani zile karatasi zenye umbo la mgongo, la mbele, la mkono, ambazo fundi anazilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata, alizichora mwenyewe kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Zilijaa gunia zima. Akishakata, alikuwa anavibana vipande kwa pini, mkono na kwapa lake, ubavu na ubavu wake, halafu ananisogezea mezani. Mimi nilifuata pini. Miaka sita sikuwahi kuuliza anajuaje kipi kinakwenda na kipi. Nilidhani ni mazoea ya macho.

Watu walikuwa wananiita fundi. Nami nilikuwa naitika.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakapungua sana. Watoto wake wakaja kumchukua wakampeleka kwao Shinyanga. Siku ya kuondoka alinionyesha gunia kwa mkono wa kushoto, akalipigapiga mara mbili. Nilielewa kwamba ameniachia.

Nililifungua masika. Lilikuwa linanuka mikojo ya panya, na mavi yao yalikuwemo kweli, hilo sisingizii. Na kila karatasi ilikuwa imeliwa pembeni. Hapa kumeng'atwa kidogo, umbo la V, pale kumeng'atwa mara mbili pamoja. Nyingine zilikuwa na matundu katikati kama zilizowahi kupigiliwa misumari ukutani. Nilimhurumia mama wa watu. Nikasema kazi nzuri hivi imeachwa iliwe na panya.

Basi nikanunua karatasi mpya, nyeupe, ngumu. Siku tatu nzima nilizihamisha pateni zote, moja moja. Kila nilipofika palipoliwa, niliinyoosha penseli ikapita moja kwa moja. Matundu sikuyahamisha kabisa. Nikaandika majina kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni: MKONO, MGONGO, KOLA. Nikapiga picha nikaziweka hapa hapa kwenye blogu, mkanipongeza. Wapo walioandika kwamba Mama Kulwa kapata mrithi.

Zile za zamani niliwashia mkaa wa pasi.

Halafu ikaja kazi ya kwaya. Magauni kumi na manne ya kitenge cha bluu, ya vipande sita mwilini, mtindo ambao Mama Kulwa alikuwa anasifika nao hapa Katoro. Nilikata kwa karatasi zangu nyeupe, nikashona yote kumi na manne kabla ya kumpima mtu hata mmoja. Hapo nako palikuwa na majivuno, nakubali.

Mwenyekiti wa kwaya, Mama Neema, alikuja Jumamosi kujaribu la kwake. Akisimama limemkaa. Halafu akainua mikono kama wanavyofanya wakiimba, na gauni zima likapanda naye hadi juu ya magoti, mgongo ukamkaza, kwapa likamkaba. Akashusha mikono polepole.

"Fundi," akasema, "sisi tunaimba na mikono. Hili ni la kukaa kwenye kiti."

Nikamwambia kitambaa ni kipya, kitalegea. Nilimdanganya mtu mzima mchana kweupe.

Alipoondoka nilifumua. Nikahamisha mikono, ya kulia ikaenda kushoto, kwapa likapata nafuu. Ila mwili ulibaki unavuta. Vile vipande sita ukivitazama vinafanana, kumbe kila kimoja kimepinda kivyake kwa upana wa kidole, na mimi nilikuwa nimevichanganya magauni yote kumi na manne, kila moja kwa namna yake. Nilijaribu kuvipanga upya juu ya meza. Kila mpangilio ulionekana sawa hadi niuvae.

Jioni ile nikivuta droo ya cherehani ya Mama Kulwa kutafuta pini, nikakuta sakafu ya droo ametandika karatasi mbili za saruji. Pateni ya gauni la mtoto, mgongo na mkono. Zilinipita nilipokuwa nachoma. Zilikuwa zimeliwa kama zile nyingine. Sijui kwa nini niliziweka bega kwa bega, labda kwa uchovu. Vikato viwili vya umbo la V vya kwenye mkono vikaangukia juu ya vikato viwili vya mgongoni, sawasawa, bila kupishana hata kwa uzi. Upande wa pili wa mkono kulikuwa na kikato kimoja peke yake, kinamsubiri mwenzake wa kipande cha mbele.

Panya hapimi.

Nilikaa chini. Kimoja ni mbele, viwili ni nyuma. Vikikutana, vipande vinajuana. Na yale matundu ndiyo ncha za mikunjo ya kifuani, mahali pa kuanzia na pa kuishia. Kila alichokijua alikuwa amekikata kwa mkasi pembeni mwa karatasi, na mimi nilikinyoosha kwa penseli.

Jana nilipanda basi la alfajiri kwenda Shinyanga. Nilibeba karatasi nyeupe za gauni la kwaya tu, nikajipa moyo kwamba atanionyesha hata kwa kidole. Nilimkuta kibarazani na binti yake Kulwa. Nikampigia magoti, shikamoo mama, akachukua muda mrefu hadi marahaba ikatoka. Nikamweleza yote. Kuhusu mkaa wa pasi pia nilimweleza, ingawa ningeweza kuuruka. Kulwa alinitazama hadi nikainamisha uso.

Mama Kulwa akaomba mkasi kwa ishara. Kulwa akamshikisha mkono wa kushoto. Akaivuta karatasi ya ubavu mapajani, akauweka mkasi ukingoni, akausogeza juu kidogo. Akaurudisha. Akaigeuza karatasi, akaanza upande mwingine, akashuka hadi chini, akapanda tena. Mdomo wa mkasi ulikuwa wazi muda wote.

"Ni hapo, mama?" Kulwa akauliza.

Akatikisa kichwa. Akajaribu karatasi nyingine, kisha nyingine. Nilitamani akosee, akate popote, tuondoke pale. Mwisho akauweka mkasi chini akanitazama, na maneno yakamtoka moja moja.

"Niliweka pale... nisikumbuke."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Safari nzima nilikuwa naamini kwamba karatasi zimeungua lakini mwenyewe yupo. Kumbe alizichora ili kichwa chake kipumzike, akaziamini, na alipoumwa alijua ziko salama kwenye gunia kwa binti aliyemfundisha. Hakunigombeza. Alipitisha kidole pembeni mwa karatasi yangu, akaenda nacho hadi mwisho, hakikukwama popote. Machozi yakamtoka, Kulwa akamfuta kwa kanga na kuniambia basi la kurudi linaondoka saa nane.

Ningeomba anitukane. Ningejua pa kuanzia.

Jumapili Mama Neema anakuja kuchukua magauni, na nitamwambia ukweli kwamba sina magauni. Atanitangaza mjini, na atakuwa na haki.

Mchana huu nimevaa kipande cha ubavu na cha mgongo mwilini mwangu mwenyewe, nimevibana, nimeinua mikono, nimefumua, nimebana tena. Saa tisa hivi vilikaa. Au nilichoka nikaona vimekaa. Nimechukua mkasi nikakata kikato kimoja kwenye karatasi zote mbili, vinakutana. Ndicho pekee nilicho nacho kwa gunia zima, na mtu ambaye angeniambia kama ni penyewe nimemwacha kibarazani Shinyanga, na yeye hajui.