Ugali wa Mgeni na Geti la Ziwa

Mama,

Mwanao hajambo, bado yuko kwenye kazi zake za ujenzi huko Manyatta, na ng'ombe wako mwekundu amezaa. Habari njema zimeishia hapo. Sasa nikuambie ya ziwa.

Wamelizungushia uzio. Ziwa letu dogo la msituni, ulikonituma kuteka maji asubuhi yangu ya kwanza nikiwa mke wa mwanao, siku hizi linaitwa mbuga. Kuna geti la chuma, kuna askari, na kuna bango lenye picha ya ndege. Nimelisoma lote. Wameandika ile hadithi uliyokuwa ukinisimulia, Mama: kwamba zamani pale palikuwa na kijiji, akaja bikizee siku ya mvua kuomba chakula, wakamfukuza mlango kwa mlango, maji yakapanda yakawafunika wote. Wameiandika vizuri, sitasema uongo. Halafu wakaitundika kwenye geti la kufukuzia watu! Nilicheka peke yangu pale njiani, mpaka mtu wa boda boda akaniuliza kama niko sawa.

Unawakumbuka wale vijana waliokuja na vyombo vya kupimia ardhi? Uliwachinjia jogoo, yule niliyekuwa namtunzia Krismasi. Niliponuna ukaniita binti wa Alego kama kawaida yako, ukaniambia, "Nyar Alego, sisi wa kando ya ziwa hili hatumuulizi mgeni anatoka wapi kabla hajala." Ndiyo sababu kila jioni unga wako uliongezwa konzi moja, na ugali wa mgeni ukafunikwa hata kama hakuna aliyekuja. Basi wale walinawa mikono, wakakushukuru, wakaenda kupigilia vigingi vyao. Walikula chakula chako, kisha wakala na ziwa lako.

Ulipolazwa hospitalini Kombewa uliniomba kitu kimoja tu. Hukutaka maua wala sherehe. Ulitaka mwaka ukitimia nikumwagie kaburini maji ya ziwa, yale uliyotumia kupikia na kuogeshea watoto wako wote.

Mwaka umetimia wiki hii. Nilichukua kibuyu chako nikaenda getini. Askari ni kijana mpole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu mtu mkali ungeweza kumtukana. Alisema, "Mathe, maji ya humu hayatolewi. Si mimi, ni order ya wakubwa." Nikamweleza habari zako zote. Akasema pole sana, akafunga.

Jioni ile ile mvua ikashuka. Nikasikia hodi. Mama, alikuwa yeye, amelowa chapachapa, pikipiki yake imekwama matopeni pale chini. Nilishika mlango nikatamani kuufunga. Nilitamani sana. Lakini ugali wako wa mgeni ulikuwa pale mezani umefunikwa, na omena, dagaa wetu wa ziwa, ilikuwa bado ya moto, nikasogea kando akaingia. Alikula akamaliza yote. "Mungu akubariki, Mathe," akasema. Moyoni nilijiambia, kesho huyu atafungua.

Kesho yake nilirudi na kibuyu. Alinitambua kabisa. Alitazama viatu vyake, akatikisa kichwa, na geti halikufunguka.

Kwa hiyo nimekumwagia maji ya mvua niliyokinga kwenye bati. Ni maji tu, Mama, hayana harufu ya matete. Nisamehe.

Nina hasira. Nina hasira na wao, na nina hasira na wewe pia, kwa kuniachia desturi inayoshibisha watu wanaotufungia mlango. Hivi wewe ulikuwa hukasiriki? Au ulikasirika na kuendelea kusonga ugali, mimi nikadhani ni upole?

Nakuahidi nitarudi pale getini na kibuyu, na nitarudi tena, mpaka ama wachoke wao ama nichoke mimi. Na kila jioni nitaongeza konzi moja. Usinisifu kwa hilo, sina moyo kama wako. Ila mimi ile hadithi yao ya bangoni naiamini, na wao nadhani waliiweka kama pambo. Maji yakipanda tena, yasianzie mlangoni kwako.

Pumzika, Mama. Ugali wa leo nimeshaufunika.

Mke wa mwanao,
Nyar Alego