Treni ya Kwenye Kioo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Eliza kaja na kompyuta ya duka analofanyia kazi, kaiweka juu ya meza yangu ya kulia. Ndani yake kuna gemu la kuendesha treni. Ameitwa Dodoma tarehe 10 kwenye usaili wa madereva wa treni ya umeme, na watampima kwa mashine ya namna hiyo. Binti wa miaka ishirini na sita! Nimemwambia gemu sitaki kuliona na usaili sitaki kuusikia. Kasema, "Sawa, Baba," akaendelea kuchomeka nyaya. Hiyo "sawa" ni ya marehemu mama yake, neno kwa neno.

Jumanne, 2 Septemba

Miaka thelathini na moja nimeendesha treni kati ya Dodoma na Tabora. Sijawahi kuona treni inayoanza kwa kuuliza nywila.

Kila baada ya muda kidogo inalia — pii! pii! — mpaka dereva abonyeze kitufe kuonyesha hajalala. Mimi nilikuwa naamshwa na Urbano, msaidizi wangu, kwa chai na matusi. Na njia yenyewe ni ya Ulaya, theluji tupu. Hakuna ng'ombe hata mmoja relini. Dereva asiyepigia honi ng'ombe wa Kintinku ni dereva gani?

Eliza kapitiliza stesheni kwa mabehewa matatu. Alichelewa kufunga breki. Nilikuwa nyuma ya gazeti, nimeona. Nikageuza ukurasa.

Alhamisi, 4 Septemba

Eliza yuko dukani. Nimeiwasha mwenyewe, kwa nia moja tu — nimwonyeshe kuwa ni upuuzi.

Nusu saa haisogei! Nabonyeza hapa, nabonyeza pale, kimya. Kumbe mkono wa kuchagua mbele au nyuma uko katikati. Kumbe na breki ya kuegesha imefungwa. Nimejisikia mjinga kabisa.

Hatimaye nikawa tayari. Mabehewa sita, abiria wamepanda, taa ya kijani. Nikasubiri. Taa bado kijani. Nikasubiri karatasi. Maana kwetu njia ni moja, kwenda na kurudi. Huondoki mpaka stesheni masta akupe mkononi karatasi yenye sahihi yake kwamba njia mbele ni nyeupe, haina treni nyingine. Taa iwe na rangi yoyote. Basi nimekaa mikono magotini, namngoja mtu aliye ndani ya kompyuta aniletee karatasi!

Nilipojigundua nimeizima kwa hasira. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 5 Septemba

Mashine imenichongea! Kumbe inaweka kumbukumbu ya kila safari. Dakika arobaini na moja, kasi sifuri. Eliza kauliza nilikuwa nasubiri nini. Nimemjibu, karatasi. Kacheka mpaka kashika mlango. Nimehama na sahani yangu, nikaenda kula uani.

Urbano, siku hizi jirani yangu, naye kasimuliwa. Kaja hadi uani kuniuliza kama stesheni masta ameshafika. Nimemfukuza.

Jumapili, 7 Septemba

Tumegombana tangu tulipotoka kanisani. Anataka kujua kwa nini kazi iliyomlisha na kumsomesha leo iwe mwiko kwake.

Nimemwambia. Mwaka 2009 niliingia Itigi na treni ya abiria, stesheni masta akanipa karatasi mbili. Moja ya njia. Ya pili ilikuwa na taarifa kutoka hapa Manyoni, kwamba Febronia, mke wangu, amefariki. Saa mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepita hapahapa Manyoni, na sikushuka. Nyuma yangu kulikuwa na mabehewa kumi na nne ya watu. Nikachukua karatasi ya njia, nikaendesha hadi Tabora. Ndiyo kazi anayoitaka!

Akasema, "Tulisikia honi yako, Baba. Mama alikuwa bado anapumua."

Sijui nini kilinipanda. Nikamwambia akienda Dodoma aende bila baraka yangu. Nimesema, na nikisema huwa sirudi nyuma. Lakini sahani ya usiku nimeirudisha jikoni ilivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Kaondoka na basi la asubuhi. Kanipa shikamoo, nimeitika marahaba, basi. Sikumpa mkono. Chai kaniachia kwenye chupa. Sukari nyingi mno — makusudi hayo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefungua kompyuta nione kama kaiharibu. Juu ya vitufe nimekuta karatasi. Kaipiga mistari kwa rula, safi. Treni: Eliza. Kutoka: Manyoni. Kwenda: popote. Njia mbele ni — pameachwa wazi. Sahihi ya stesheni masta — pameachwa wazi. Chini kaandika, "Baba, naingia saa nne. Nitumie picha."

Karatasi mbovu! Haina namba ya treni. "Popote" si stesheni. Tarehe kaweka ya jana. Kazini ningemrudishia aliyeiandika na maneno juu.

Simu yangu haipigi picha. Nimemwita Urbano na yake. Kasimama mlangoni, kaishika tayari.

Tarehe nimesahihisha. Namba ya treni nimeweka, ile niliyostaafu nayo. "Popote" nimekata, nimeandika Dodoma na kurudi. Imebaki njia na sahihi. Miaka yote ile sijaona karatasi yenye uongo, na huyu anataka nimwandikie kwamba njia mbele ni nyeupe wakati mbele yake sioni kitu. Naogopa. Ndiyo, naogopa!

Kalamu nayo inagoma. Naijaribu hapa kwenye daftari kwanza. Nyeupe. Nyeupe. Nyeu — saa nne kasoro dakika nane. Urbano kakohoa. Kasema, "Chediel, taa ni ya kijani." Nimemwambia anyamaze, ashike simu sawasawa. Kalamu imekubali: nyeupe, na sahihi yangu chini yake.