Mume Wangu, Usirudi Kabla Hawajalichunguza Tumbo

Mume wangu kipenzi,

Hina ya miguuni mwangu bado inaonekana. Nikiitazama nacheka peke yangu kama mwehu. Halafu nakumbuka uko Dar es Salaam bila mimi, na kicheko kinakatika.

Unakumbuka fungate yetu hapa Buzebazeba, mama yako alipotuletea ugali wa muhogo na samaki wa migebuka wa mawese? Ulimega matonge machache ukasogeza sahani. Shangazi yako akasema umeshiba bibi harusi, wote wakaangua kicheko, nami nikavimba kichwa kwa raha. Nilidhani kweli mapenzi yangu yanashibisha mtu.

Jioni yake nilikulalia begani, na paji langu likagusa kile kinundu cha shingoni mwako, juu ya mfupa wa bega, upande wa kushoto, kigumu kama kokwa ya mchikichi. Ukasema ni magunia ya dagaa unayobeba Kibirizi. Mama naye akaamini. Akawa anakukanda kwa mawese ya moto, na wewe ukiniangalia na kunikonyeza, nami nayeyuka.

Kinundu hakikuyeyuka. Hospitali wakakata kinyama, majibu yakaja kuwa ni saratani. Daktari akakuuliza habari za chakula, ukamjibu kwa hasira kwamba kinachokusumbua ni shingo. Nilikushika mkono chini ya meza. Ulikuwa wa baridi. Naye akasema taratibu, "Hii ya shingoni ni mgeni tu. Kwao ni kwingine, na nina wasiwasi ni tumboni."

Akakuandikia rufaa ya Dar es Salaam, na sasa jana umepiga simu ukasema hutakubali kumezeshwa mpira wenye kamera, unarudi nyumbani. Mpenzi wangu, nilikaa chini pale pale uani.

Baba yako alifurahi. Aliwaita wajomba akasema mtoto anaumwa shingo, wao wanamchunguza tumbo, hao wamekosea mtu. Akasema yupo mzee Ujiji anayekausha uvimbe kwa dawa, kwa hiyo urudi haraka. Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na unajua mwali hapandishi sauti mbele ya mkwe wake.

Nikasema nikiwa huko huko nyuma ya pazia, "Shikamoo, baba. Moshi ukitokea dirishani, maji tunamwaga jikoni."

Mjomba mmoja akaguna. Nikajua nitarudishwa kwetu Mwanga kabla hina haijatoka.

Baba akauliza, "Na hilo jiko wamelijua?"

"Ndilo wanalolitafuta, baba. Mwanao ndiye anayewakimbia."

Kisha baba akamwambia mama anifungashie chakula cha safari. Hakunitaja jina, wala hakunitazama nilipotoka. Mama alilia huku akinifungia migebuka mikavu, akaniambia nikushike sana.

Ninaogopa, mume wangu. Sijui mpira huo utaonyesha nini. Daktari hakuniahidi kitu, nami sitakudanganya. Lakini mgeni akishaingia shingoni, aliyemtuma hangoji. Na mimi sijakushiba. Sijawahi kukuona ukikasirikia chumvi ya mboga yangu, sijajua unakoroma vipi wakati wa mvua, sijakuzalia hata mmoja wa wale watoto uliowapa majina kabla hujaja kunichumbia.

Shemeji yangu aliyeko huko atakusomea barua hii kwenye simu yake, nimemtumia picha, maana ya kwako umeizima. Msikilize mpaka mwisho. Nimeshapata nafasi kwenye treni. Ukipanda ya kuja Kigoma tutapishana njiani, kila mmoja akimfuata mwenzake, na kitanda chako atapewa mtu mwingine. Kaa hapo. Meza huo mpira. Nitakapofika nikukute kitandani, ukininunia upendavyo.

Ni mimi, mkeo, niliye njiani.