Sinia la Bi Zuhura

Ng'ambo, Unguja
Mfungo Sita, 1955

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, cherehani nzima, wasiwasi wangu ni goti lako tu. Bado linakuuma ukipanda kwenda shamba?

Mama, nina kosa la kukiri. Ule mtandio niliokuletea, nikakwambia ujitande mpaka mashavuni ukija harusini kwangu, haukuwa wa pambo. Nilimwambia mama mkwe kwamba sisi Washirazi wa Kilwa. Nilizionea haya chale zako.

Juzi nilikuwa Malindi ya hapa mjini, nyumba ya Waarabu, namalizia nguo za bibi harusi. Somo yake, anayemfunda mambo ya ndoa, ni Bi Zuhura, Myao kama wewe, ana chale mpaka kwenye paji la uso wala hazifuniki. Nusu ya wake za matajiri wa mji huu wamefundwa naye. Masinia ya chakula yalipoletwa, shangazi wa bibi harusi akamwelekeza akale uani na watumishi. Bi Zuhura akachukua buibui lake bila haraka.

"Mwari wenu mshanipa nimfunde siku saba," alisema. "Sinia moja mnaninyima? Basi mfundeni wenyewe."

Mwari, asiyetakiwa hata kuinua macho, akanyanyuka. "Somo yangu akitoka, na miye nnatoka."

Shangazi akasogea, akampisha siniani. Bi Zuhura akakaa, akanawa, kisha akaniita nile naye, akaniuliza kwetu wapi. Mama mkwe, naye mwalikwa, alikuwa sinia la pili, ananitazama.

Nikameza tonge, Mama. Nikasema mama yangu Myao wa Tunduru, ana chale mashavuni, na ndiye aliyenifunza kushika sindano. Bi Zuhura akanisogezea nyama upande wangu, basi. Nampenda mwanamke yule. Hana mume, hana ghorofa, na uso wake anautembeza mchana kweupe.

Mama mkwe hajaleta neno tangu siku ile. Mchumba wangu anasema tungoje. Nitangoja, lakini nililolisema silirudishi. Harusi ikiwepo, njoo. Isipokuwepo, njoo vilevile, Bi Zuhura anataka kukuona.

Nisalimie mjomba na kikohozi chake, dada na wanawe, na shemeji anayekusomea barua hii. Pale kwenye kosa langu asome polepole, na asiruke kitu.

Ule mtandio mpe dada afungie kunde.

Mwanao akupendaye,
Mwajuma