Kibanda Chako Hakibomolewi, Dada Vere

Dada Vere,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nakuambia mapema, usije ukadhani kifo chako kimenifundisha upole. Upole ulikuwa wako, na umeondoka nao. Mimi umeniachia darasa lako la sikukuu na wazee wa kanisa, vyote kwa mpigo, wala hukuniuliza kama naviweza.

Nianze na habari zenyewe. Wiki mbili zilizopita baraza la wazee liliniita. Walikuwa watatu, na mwenyekiti wao ni yule Mzee Zakayo aliyerudi kutoka Uganda, ambaye hata akikuomba chumvi utadhani anahubiri. Wakanisukumia karatasi iliyokwisha kuchapwa. Imeandikwa kwamba darasa la sikukuu za Kiyahudi limefungwa, kwamba marehemu Verediana aliwapotosha kina mama na kuwarudisha chini ya sheria ya Musa, na kwamba familia yake inaomba radhi. Familia yako Gisenyi ni nani kama si mimi? Nikitia sahihi, nabaki kwenye kwaya na kwenye meza ya Bwana. Nisipotia, nasimamishwa vyote. Halafu karatasi isomwe madhabahuni Jumapili, mbele ya watu waliokula chakula cha msiba wako.

Hata hawakujua kwamba Jumapili waliyoichagua imeangukia ndani ya juma la Vibanda.

Uyahudi! Kina mama kumi na moja wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, na vitenge, wengine hata kusoma hawajui, leo tumekuwa Mafarisayo. Nilicheka pale pale ofisini, Dada. Nisamehe. Kilikuwa kicheko kibaya.

Maana mimi ndiye niliyekucheka kwanza, nakiri. Unakumbuka Pasaka yetu ya mwisho? Ulichoma mikate isiyotiwa hamira kwenye kikaango kikavu, mboga chungu tukaweka isogi yetu ya shambani, maana ya Yerusalemu tungeitoa wapi. Ukachukua mikate mitatu, ukavunja ule wa katikati, nusu ukaifunga kitambaa cheupe ukaificha nyuma ya kabati. Baadaye ukatutuma kuitafuta. Ilipopatikana ukasema, "Wayahudi wanafanya hivi kila mwaka. Wa katikati anavunjwa, anafungwa sanda, anafichwa, anarudi. Haya, niambieni huyo ni nani." Nikajibu mdomo umejaa, "Huyo ni mkate, Dada, na umekauka." Ukacheka hadi ukashika mbavu. Ukaniambia, "Wewe utanukisha sambaza hadi Mambo ya Walawi."

Wiki tatu baadaye presha ikakuchukua, Jumanne, kati ya kunywa uji na kuanika nguo. Na hapo nina neno nawe. Ulijua unaumwa. Dawa nilizikuta kwenye mkoba wako, hazijaguswa. Ungesema, Dada. Ungesema tu.

Makaburini walihubiri sana, sikusikia kitu. Nilishika jambo moja tu, lile somo lako la Malimbuko. Kwamba baada ya Sabato ya Pasaka kuhani aliinua mganda wa kwanza wa shayiri mbele za Mungu, na Yesu alitoka kaburini asubuhi ya siku hiyo hiyo, ndiyo maana Paulo anamwita limbuko lao waliolala. Uliposema hayo nilikuwa nachambua samaki, sikukutazama hata. Lakini udongo ulipoanza kukuangukia nilijiuliza, ni nani anavuna mganda mmoja halafu anaacha shamba zima? Nikajibu mwenyewe, kwa sauti, hakuna, watu wakanishika wakidhani naanguka. Sikuwa naanguka. Nilikuwa nimeelewa. Miaka sita ya kukubishia, nikaelewa nikiwa na tope kwenye viatu.

Kwa hiyo kibanda nimekijenga. Miti na majani ya migomba nilitoa kwenye shamba letu la Kanama, nikakisimamisha uani kwako, pale pale unapokiweka. Ila nilikosea. Mvua ya Oktoba unaijua, haina adabu, basi nikafunika juu kwa turubai, nikalikaza kamba, nikajiona fundi. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Furaha, muuza vitenge wa Goma. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "We Konso, toa hii shitingi. Dada yako alisema juu lazima mbingu ionekane. Bon, mvua iko maji tu, haiko sumu." Nikaona aibu. Nilikuwa nimejenga kibanda kisicho na maana yoyote, banda la kuku. Nikalitoa turubai, tukakaa tukidondokewa, nikakumbuka ulivyotueleza kuhusu mama yetu Tanzania, ukimbizini, nyumba ya nyasi inayovuja, naye anakinga matone kwa sufuria huku anaimba. Ulisema Mungu aliwaambia Israeli wakae vibandani ili wasisahau kwamba waliwahi kukosa paa, na kwamba Neno lilipofanyika mwili lilikuja likapiga kambi kwetu, kwenye kuvuja huku huku.

Ijumaa alasiri wazee wakaja, watatu wote na karatasi yao ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua inamwagika. Hawakutaka kuingia, wakabaki chini ya ukingo wa paa la nyumba. Mzee Zakayo akapaza sauti, "Nionyeshe katika Agano Jipya ni wapi Bwana wetu ana habari na vibanda hivi!"

Dada, hilo lilikuwa swali lako, si langu. Nikatazama kina mama, nao wananitazama mimi. Kisha nikasema, Yohana sura ya saba, mzee. Bwana alikwenda Yerusalemu kwenye Sikukuu ya Vibanda. Makuhani walikuwa wakimimina maji kila siku, wakiomba mvua. Na siku ile ya mwisho, iliyo kubwa, akasimama akapaza sauti kwamba mwenye kiu aje kwake anywe. Alisimama kwenye sikukuu hii hii, mzee. Asingekuwa na habari nayo angekwenda kufanya nini? Sisi hapa mvua tunayo tele, kilichotupungukia ni kiu. Dada yangu alitupa kiu, na nyinyi mnataka niombe radhi kwa hilo?

Alininyooshea kalamu tu.

Sikuishika. Nilimwambia, "Jina langu andika kwenye orodha ya waliosimamishwa, herufi kubwa, usikosee. Lakini la dada yangu hutalichafua kwa mkono wangu." Kisha, nitakuambia ukweli, niliwakaribisha chai. Walikataa. Nikafurahi walivyokataa.

Jumapili karatasi ikasomwa, bila sahihi ya mtu wa kwetu. Niliposikia jina lako na neno upotofu katika sentensi moja, nilisimama. Nikabaki nimesimama hadi msomaji alipomaliza, na Mama Furaha akasimama, na wengine. Joho la kwaya nimelirudisha, nimelifua kwanza. Meza ya Bwana imenikatalia, na hilo linaniuma, sitakudanganya, nalilia jikoni. Wanafunzi wako wawili wameacha darasa. Waume zao ni wazee wa kanisa, siwalaumu. Tisa tumebaki. Tunakutana Alhamisi kwako, na sasa ni mimi ninayefundisha. Nafundisha vibaya. Narukaruka, nafoka, nimechanganya Siku ya Upatanisho na Baragumu mbele za watu. Lakini nafundisha.

Basi lala, Dada. Nakuahidi Pasaka ijayo mkate wa katikati utavunjwa nyumbani kwako, na kibanda kitasimama kila Oktoba hata nikikaa humo peke yangu nimelowa. Wakija kukibomoa watanikuta ndani.

Na parapanda itakapolia, nimesoma mwenyewe, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, ndipo sisi tulio hai. Wewe kwanza, mimi baadaye. Maisha yangu yote nimechukia kuzaliwa wa pili. Siku hiyo tangulia, Dada, nakuruhusu, ila ukishatoka simama hapo hapo, geuka, unisubiri.

Mdogo wako mkaidi,
Konsolata