Rangi Moja Hadi Kiini

Baiyan, Sichuan
9 Machi 2003

Dada yangu mkubwa Shaomei,

Salamu zangu zikukute umeketi, umevua viatu, na madaftari ya wanafunzi umeyasogeza kando. Shemeji hajambo? Kile kikohozi chake kimemwachia? Mimi ni mzima, na ufagio wangu ni mzima pia, ingawa mwezi huu umepumzika kuliko kawaida. Najua umezoea barua zangu za mwaka mpya, mistari mitatu na jina. Hii ni ndefu. Nakuomba usiisahihishe kwa wino mwekundu ukanirudishia kama ile ya mwaka juzi. Ningepiga simu, lakini simu ya mtaa iko dukani kwa Bibi Shen, na jambo akilisikia Bibi Shen asubuhi, adhuhuri utaulizwa habari zake ng'ambo ya mto.

Unaijua desturi yetu: dawa ikishachemshwa na kunywewa, machicha yake humwagwa njia panda, wapitao wayakanyage na kuondoka na ugonjwa. Wao hukanyaga, ugonjwa huenda zake, nami hufagia. Ila sikuwa nikifagia tu, Dada. Nilikuwa na vijiti vyangu vya kulia vya zamani, nikichokonoa: hili ganda, hii mbegu, huu mzizi. Kisha nilingoja nione nani amepona. Wanafunzi wa Mtawa Gu, mganga wa hekalu la dini ya Kitao pale juu ya ngazi, hubeba maji miaka mitatu kabla ya kuonyeshwa jani moja. Mimi masomo yaliletwa hadi miguuni. Nilijua karani Ho anakojoa kitandani kabla mkewe hajajua. Kila fungu lililonishangaza nililikausha, nikalitia kwenye kopo la biskuti na kuandika jina la nyumba, hadi ikawa nalala juu ya maradhi ya mtaa mzima.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita mama yake Deng Mnene, muuza tambi, alikunywa dawa ya viungo aliyopewa na Gu. Ulimi ukafa ganzi, moyo ukaanza kuruka kama chura ndani ya ndoo. Wakamkimbiza hospitali, akaokolewa. Deng akapanda ngazi za hekalu na mwiko mkononi, akipiga kelele kwamba Gu ni muuaji aliyevaa kanzu, na hizo pumzi anazowafundisha watu kuzishusha chini ya kitovu akazishushie gerezani. Siku ya tatu akaja ofisa mmoja, Bwana Pang, na karatasi. Dawa ile ilikuwa na mzizi mweusi, ambao ukichemshwa saa nzima ni dawa, usipoiva ni jeneza. Karatasi ilisema chumba cha dawa cha hekalu kitafungwa Ijumaa, na hakitafunguliwa tena.

Nikampandia mzee Gu hekaluni. Nilimkuta anamwagilia vitunguu vyake. Nikamuuliza, Babu, utafanya nini? Akasema mti haukimbizani na upepo. Nikamwambia kweli, Babu, mti haukimbii, ndiyo maana hukatwa. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaendelea na vitunguu.

Ijumaa nusu ya mji ilikuwa langoni, na vigoda vyao na mbegu zao za alizeti, kama waliokuja kuangalia ngoma. Nikajipenyeza na kopo langu. Bwana Pang akauliza huyu ni nani. Bibi Shen akajibu kwa niaba yangu kwamba ni mfagiaji. “Ala!” akasema Pang. “Siku hizi na ufagio una shahada?” Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana alikuwa amepatia.

Kisha nikasema haya ni machicha ya siku ile ile aliyoanguka Mama Deng. Nikamuuliza Deng nani aliyamwaga. Akajipiga kifua: yeye, kwa mkono wake, tena alichagua pembe yenye watu wengi ili ugonjwa wa mama upate miguu ya kutosha. Nikamwomba Bwana Pang achague vipande vyeusi na kuvivunja. Akavunja kimoja, cha pili, cha tatu. Vyote rangi moja hadi kiini. Nikasema mzizi ulioiva ndivyo ulivyo. Usioiva hubaki na moyo mweupe. Sasa vunja hivi vidogo. Akavunja: vyeupe katikati kama chaki. Nikamwambia anuse. Akanusa, akakunja uso, akasema, “Pombe!”

Nikasema huo ni mzizi wa porini, unaoloweshwa kwenye pombe kwa kusugulia magoti, hauguswi na ulimi. Gu hana mtungi wa pombe hiyo. Baiyan nzima upo mmoja tu, nao uko jikoni nyuma ya tambi, na najua kwa sababu uliotangulia ulipovunjika nilifagia vigae vyake mimi.

Deng akaketi kwenye ngazi, mtu mkubwa vile, akawa mdogo. Akasema dawa ya mtawa ilikuwa inakwenda polepole, na mama alikuwa akilia na magoti. “Nikaona niiongeze nguvu kidogo.” Vipande vitano. Mama yake alikuwa ametoka hospitali juzi yake. Nguvu zilizomrudia zilikuwa zimeanzia mkononi. Alivua ndala akamwangukia nayo: “Nguvu! Umetaka nguvu? Shika nguvu!” Bwana Pang akakunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni. Kabla hajashuka akanivuta kando, akaniuliza habari za tumbo lake.

Deng alilipua fataki za shukrani mlangoni kwangu, mkufu mrefu, kuku wa jirani hawajataga tangu siku hiyo. Gu naye akaniita. Nikapiga magoti kumwomba radhi kwa kuiba elimu yake miaka yote. Akaniuliza nilidhani ni nani aliyekuwa akiwaelekeza wagonjwa wake wamwage machicha mbele ya ufagio wangu, wakati njia panda Baiyan ziko nne. “Mwanafunzi niliyemfundisha kwa kutofundisha,” akasema, “ndiye pekee aliyeelewa.” Sasa nina ufunguo wa chumba cha dawa, droo mia mbili, na alfajiri navuta pumzi ndani ya ua pamoja na wanafunzi wake badala ya kuwaiga kutoka nje na ufagio. Hasara ni moja. Watu wamejua ninavyojua, na sasa humwaga machicha nyuma ya soko.

Dada, yote hayo ni utangulizi. Lililonikalisha kuandika ni hili.

Machicha ya kwanza niliyookota hayakuwa ya kujifunza. Yalikuwa ya Mama. Ni yale uliyoyamwaga asubuhi ile ya 1984, na begi begani, basi la chuo cha ualimu likipiga honi. Dawa yake ilikuwa na mzizi mweusi. Siku tatu baadaye Mama alikufa, na mimi nikaamini uliharakisha chungu kwa ajili ya basi. Sikukuambia. Nilikuandikia mistari mitatu kila mwaka, na kopo nililoyatia sikuthubutu kulifungua, kwa kuwa sikujua kulisoma, na nilipojua, niliogopa.

Ijumaa ile, watu walipotawanyika, nililifungua. Kulikuwa na vipande saba. Nilivivunja vyote saba, kwa mikono ile ile iliyoviokota.

Rangi moja hadi kiini, Dada. Uliuchemsha saa nzima, pengine zaidi. Ulikuwa radhi basi likuache. Mama alikufa kwa sababu muda wake ulifika, na mimi nimekukosesha mdogo wako miaka kumi na tisa. Nisamehe.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha mzizi, cha manjano, chenye harufu ya supu za Mama. Nimekitoa kwenye droo ya kwanza kushoto. Jina lake huhitaji kufundishwa, maana kwa lugha yetu lenyewe linasema: yapasa kurudi. Sikukuu ya kufagia makaburi ni mwezi ujao. La Mama nimekuwa nikilifagia peke yangu, na ingawa ndiyo kazi yangu, lile linahitaji fagio mbili.

Msalimie Shemeji, mwambie kikohozi chake nitakitazama mwenyewe. Makosa ya herufi utayaonyesha ukifika.

Mdogo wako,
Qiu Shaolan